Gunia la Nani? Neno "Gakunia" na Usawiri wa Mchongezi katika Fasihi ya Kenya

1.0 Utangulizi

Katika eneo la Ikutha, kusini mwa Kitui, gunia ni chombo chenye heshima yake. Ndilo lichukualo ndengu, mtama na kunde kutoka shambani hadi sokoni, na katika miaka ya ukame ndilo lililoleta mwolyo, yaani chakula cha msaada. Mvua inaponyesha, mtoto huchukua gunia tupu, akaisukuma pembe moja ya chini iingie ndani ya nyingine, akajivika kichwani na kuacha sehemu iliyobaki imfunike mgongo. Ni koti la mvua la watu wasio na koti.

Babu yake mwandishi wa makala haya hakuliruhusu jambo hilo nyumbani kwake. Mtoto aliyeingia uani akiwa amejifunika gunia alirudishwa mvuani. Sababu tuliielezwa baadaye. Mwezi wa Aprili 1954 babu alikuwa kibarua Nairobi, akiishi chumba kimoja na rafiki yake Mkikuyu katika mtaa wa Shauri Moyo. Wote wawili walikamatwa asubuhi moja katika msako. Babu aliachiliwa kwa kuwa kipande chake kilionyesha kwamba yeye ni Mkamba. Rafiki yake alipangwa mstarini, akapitishwa mbele ya mtu aliyefunikwa gunia. Gunia likainamisha kichwa, na rafiki hakurudi chumbani. Sanduku lake la bati babu alikwenda nalo Ikutha, akalihifadhi. Baada ya Uhuru, ndugu wa rafiki huyo alifika kulichukua. Alilipokea bila ya shukrani, na kabla ya kuondoka alimwita babu kwa neno moja tu: gakunia.

Makala haya yanalichunguza neno hilo, kwa maana yake katika lugha, kwa kazi yake katika historia, na kwa mwanga unaoweza kuangazia usawiri wa mchongezi katika fasihi yetu. Uhakiki wa kazi zinazohusu Vita vya Mau Mau umezoea kuwapanga wahusika katika safu mbili, wazalendo upande huu na wasaliti upande ule, kisha ukaona kazi imekwisha. Hoja yetu ni kwamba neno gakunia linatudai zaidi ya hayo. Neno hili humtaja mchongezi kwa kifuniko chake wala si kwa tendo lake. Kwa sababu hiyo lina sifa mbili ambazo maneno mengine ya aina yake hayana: mtu akishaitwa hivyo hana njia ya kujitetea, na aliyelishona gunia hatajwi kabisa.

2.0 Msamiati wa Uchongezi katika Kiswahili

Kiswahili hakikosi maneno ya kumtaja mtu apelekaye habari za wenzake kwa wenye nguvu. Tukiyapanga maneno hayo kwa misingi ya maana, tunapata makundi manne.

Kundi la kwanza humtaja mtu kwa kiungo au kwa tendo. Mdukizi ni mtu wa sikio, yule anayejibanza ili asikie yasiyomhusu. Mbeya na kizabizabina ni watu wa mdomo. Wa pili huyachukua maneno ya huku akayafikisha kule ili pazuke ugomvi. Mpelelezi ni mtu wa miguu na macho. Mchongezi anatokana na kitenzi chongea, ambacho kwa umbo ni sawa na kauli ya kutendea ya chonga. Msikilizaji hawezi kuepuka picha ya mtu anayekaa na kisu, akilichonga neno taratibu hadi lifanane na kosa.

Kundi la pili humtaja mtu kwa kifungo alichokivunja. Haya ni maneno tuliyoyapokea kutoka Kiarabu, msaliti na haini. Maneno haya hayaelezi namna habari ilivyopelekwa. Yanaeleza tu kwamba palikuwa na imani, nayo imevunjwa.

Kundi la tatu humtaja mtu kwa bwana wake. Kibaraka hana maana bila ya kuwapo mtu mwingine anayemtumia. Neno hili limekuwa silaha kubwa katika lugha ya siasa ya Afrika Mashariki, hasa katika maandishi ya kupinga ukoloni na ukoloni mamboleo.

Kundi la nne ni la misimu. Nchini Tanzania watu humwita mtumishi wa siri wa dola shushushu, na katika neno hilo sikio letu linasikia mnong'ono wenyewe. Kijana anayesema "amenichoma kwa bosi" ana maana kwamba ameshtakiwa kwa siri. Tendo la kuchongea limegeuka moto, na anayeungua ni yule aliyetajwa.

Tofauti za makundi haya ni nyingi, lakini yote yana jambo moja linalofanana: yanaweza kubishwa. Anayeitwa mdukizi ana haki ya kuuliza, "Nilisikiliza wapi?" Anayeitwa mchongezi atauliza, "Nilimchongea nani, na kwa nani?" Hata kibaraka anaweza kudai aonyeshwe bwana wake. Ndani ya kila neno mna kitenzi au uhusiano, na palipo na kitenzi pana nafasi ya ushahidi. Gakunia halina kitenzi. Ni nomino tupu ya kitu.

3.0 Gakunia: Umbo la Neno

Asili ya neno gunia ni Bara Hindi, na lilifika pwani yetu pamoja na biashara ya Bahari ya Hindi. Kutoka Kiswahili liliingia bara. Wakikuyu wanaliita ikunia, na jirani zao Wakamba nao wana umbo hilo hilo. Mkikuyu akitaka kuonyesha udogo hutumia kiambishi ka-, ambacho mbele ya sauti k hugeuka kuwa ga-, kwa mujibu wa ile kanuni ya kifonolojia tunayoiita Kanuni ya Dahl. Hivyo tunapata gakunia, gunia dogo. Mkamba, ambaye lugha yake haiifuati kanuni hiyo, angesema kakunia. Msemaji wa Kiswahili angesema kigunia.

Udogo katika lugha za Kibantu si suala la kipimo peke yake. Ni namna ya kutoa hukumu. Kiswahili humpa kibaraka na kizabizabina kiambishi ki-, na msikilizaji hupokea dharau kabla hajapokea maana. Gakunia nalo lina dharau ya namna hiyo. Mtu mzima, mwenye jina, ukoo na rika, amepunguzwa hadi akawa chombo cha kutilia nafaka, tena chombo kidogo. Bila shaka wale waliolibuni neno hili walijilipizia kisasi kwa njia pekee waliyokuwa nayo. Hawakuweza kulivua gunia, basi walilicheka.

Lakini kicheko hicho kina gharama. Methali yetu husema, kikulacho ki nguoni mwako. Katika methali hii mdudu amefichwa na nguo ya yule anayeumwa. Tiba yake ni mtu kuivua nguo yake mwenyewe na kuikagua. Katika neno gakunia mambo yamepinduliwa. Mdudu amefichwa na nguo ya mtu mwingine, na anayeumwa hana ruhusa ya kuigusa. Aliye mstarini analiona gunia na matundu mawili ya macho, akalipa jina gunia kwa sababu hilo ndilo analoliona. Jina ni sahihi kwa jicho. Tatizo linaanza pale gunia linapovuliwa na jina likabaki likitafuta mtu wa kumkalia.

4.0 Gunia katika Historia ya Hali ya Hatari

Hali ya Hatari ilitangazwa na Gavana Evelyn Baring tarehe 20 Oktoba 1952, ikaondolewa mwezi Januari 1960. Msako mkubwa kuliko yote ulianza Nairobi tarehe 24 Aprili 1954. Jeshi na polisi waliuzingira mji, wakaupekua mtaa kwa mtaa. Waafrika walitolewa majumbani na kazini. Wakikuyu, Waembu na Wameru wakatengwa na wengine, wakapelekwa kuchujwa, na zaidi ya watu 20,000 wakaishia kizuizini. Wengi walisafirishwa kwa reli hadi kambi za Mackinnon Road na Manyani. Reli hiyo hupita Kibwezi, ng'ambo ya mto Athi ukitokea Ikutha, na Manyani yenyewe iko katika nyika ile ile ya Tsavo inayopakana na Kitui kwa kusini. Kwa hiyo mambo haya hayakuwa ya mbali kwa watu wa Ikutha, ingawa historia zilizoandikwa huyataja zaidi kwa majina ya Nairobi na Milima ya Nyandarua.

Wanahistoria wa kipindi hiki, akiwamo Caroline Elkins katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 2005, wameeleza jinsi watu waliofunikwa magunia walivyotumiwa katika kuchuja washukiwa. Utaratibu wenyewe ulikuwa mwepesi. Washukiwa walipita mmoja mmoja. Aliyefunikwa alitikisa kichwa kwa namna moja au nyingine, na kwa ishara hiyo mtu aliachiliwa au alitiwa kizuizini.

Tukiuchunguza utaratibu huu kwa jicho la mhakiki, yaani kama tamthilia, tunaona kwamba gunia lilifanya kazi tatu. Kwanza, lilificha uso. Pili, liliondoa sauti. Ushahidi ukawa ishara isiyo na maneno, na ishara haiwezi kuhojiwa: haina tarehe, haina mahali, haina "nilimwona akifanya nini". Tatu, liliongeza idadi ya wachongezi. Ndani ya gunia alikuwamo mtu mmoja, lakini kwa kuwa hakujulikana, kila aliyepita mstarini alirudi na orodha yake ya watu waliowezekana kuwa ndiye. Jirani, shemeji, mdaiwa, aliyeachiliwa mapema kuliko wengine, wote waliingia ndani ya gunia lile kwa pamoja. Watu husema mtu ameuziwa mbuzi kwenye gunia anapokuwa amepokea asichokiona. Mwaka 1954 jamii nzima iliuziwa mwanadamu kwenye gunia, na kwa miaka mingi imekuwa ikikisia ni nani.

Inawezekana msomaji akatupinga hapa kwa kusema kwamba gunia lilikuwa kinga ya lazima. Hoja hiyo ina uzito. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 familia za watu waliohesabiwa kuwa upande wa serikali zilishambuliwa na kuchomewa nyumba huko Lari, na wengi wa waliokufa walikuwa wanawake na watoto. Kisha askari na walinzi wa serikali wakaua wengi kwa kulipiza. Mtu aliyetoa habari alikuwa na sababu ya kuogopa. Hata hivyo, hoja ya kinga inaeleza tu kwa nini mtu alikubali kufunikwa. Haielezi kwa nini ishara ya mtu asiye na uso ilihesabiwa kuwa ushahidi wa kutosha kumnyima mwenzake uhuru. Uamuzi huo haukuwa wa aliyekuwa ndani ya gunia. Ulikuwa wa dola.

5.0 Karanja na Mugo

Kazi ya fasihi iliyolishughulikia gunia hili kwa undani ni A Grain of Wheat ya Ngugi wa Thiong'o (1938–2025), iliyochapishwa mwaka 1967. Ingawa iliandikwa kwa Kiingereza, ni sehemu ya fasihi inayosomwa na kufundishwa pamoja na ya Kiswahili katika idara zetu, na swali lake ni letu.

Wanakijiji wa Thabai wanajiandaa kuadhimisha Uhuru wa tarehe 12 Desemba 1963. Kihika, mpiganaji wa msituni aliyezaliwa kijijini humo, alisalitiwa akanyongwa. Wenzake waliosalia, Jenerali R. na Luteni Koina, wamekusudia kumfichua msaliti wake mbele ya umati, nao wana hakika kwamba ni Karanja. Hakika hiyo haikutoka hewani. Karanja alikula kiapo, kisha akakikana. Akaingia katika kikosi cha walinzi wa serikali, akapanda hadi kuwa chifu. Na kazi yake ya kwanza katika safari hiyo ilikuwa kukaa ndani ya gunia jeupe na kuwatambua watu. Isitoshe, alimpata Mumbi, ambaye mumewe, Gikonyo, alikuwa kizuizini kwa miaka sita.

Mtu wa namna hii hatutaki kumtetea, na mwandishi hamtetei. Lakini tazama anachokifanya mwandishi. Kosa kubwa kuliko yote, lile la kumtoa Kihika, amelitenga na Karanja, akalitia kwa Mugo, mtu mpweke ambaye hakuwahi kuvaa gunia lolote. Kijiji kimesababu hivi: aliyevaa gunia mara moja ndiye kila gunia. Hivyo ndivyo neno linavyofanya kazi likishakuwa jina. Kosa lililothibitika linavuta makosa yasiyothibitika, na uchunguzi unakoma kwa sababu kila mtu anadhani umekwisha kufanyika.

Kwa upande wa pili, Mugo anatembea Thabai uso wazi, na hakuna anayemwona. Alizuiliwa, aliteswa, na ukimya wake kambini ukageuka hadithi ya ushujaa. Kila anaponyamaza, wanakijiji wanazidi kumheshimu. Wanamwomba awe msemaji mkuu katika sherehe ya kumkumbuka mtu aliyemsaliti yeye. Hapa mwandishi amepindua taswira ya gunia kwa namna ambayo, kwa maoni yetu, haijapewa uzito unaostahili. Gunia la Karanja lilishonwa na serikali. La Mugo limeshonwa na sifa za watu wake. Yote mawili yanaficha uso. Na la pili ni gumu zaidi kulivua, kwa sababu aliyelivaa analivuliwa na wale wale wanaotamani alivae.

Mugo anapojitokeza mbele ya umati na kukiri, anafanya jambo ambalo neno gakunia haliwezi kulifanya. Anatoa sentensi kamili, yenye mtenda, kitenzi na mtendwa: ni mimi, nilimtoa Kihika. Ungamo hilo halimfuti kosa, na kifo kinamngojea. Lakini ndilo tukio la pekee katika riwaya ambapo usaliti unaelezwa kwa lugha ya mwanadamu badala ya ishara ya kichwa. Uhakiki unaoishia kusema "Mugo ni msaliti" unairudisha sentensi hiyo ndani ya nomino ambayo mhusika alijitoa mhanga ili atoke humo.

Lipo jambo lingine. Mugo alipeleka habari zake katika ofisi ya John Thompson, ofisa wa serikali. Karanja, baadaye, ni mtumishi wa Thompson huko Githima. Njia mbili za usaliti, ya mwenye gunia na ya asiye nalo, zinaishia katika ofisi ya mtu mmoja. Na siku ya hesabu ilipofika, ni nani aliyeitwa mbele ya umati? Karanja alitarajiwa, Mugo akajitokeza. Thompson alikuwa amekwisha kuondoka nchini kabla ya sherehe. Hakuna aliyemngojea mkutanoni, wala hakuna neno la kijijini la kumtaja katika jambo hili. Kijiji kina jina la aliyevaa gunia na hakina jina la aliyelitoa ghalani. Hili ndilo pengo la lugha tulilolitaja katika utangulizi, nalo riwaya inalionyesha bila kulihubiri.

6.0 Mchongezi Asiye na Gunia

Ili hoja hii isionekane kuwa ya kitabu kimoja, tutazame mifano miwili, mmoja wa historia na mmoja wa riwaya ya Kiswahili.

Katika kesi ya Kapenguria, iliyomalizika tarehe 8 Aprili 1953 kwa Jomo Kenyatta na wenzake watano kutiwa hatiani, Paul Ngei wa Ukambani akiwa mmoja wao, shahidi aliyetegemewa sana na upande wa mashtaka alikuwa Rawson Macharia. Alisema mahakamani, uso wazi, kwamba alimwona Kenyatta akiwalisha watu kiapo. Mwaka 1958 alikula kiapo kingine, cha maandishi, akieleza kwamba ushahidi ule ulikuwa wa uongo na kwamba aliahidiwa malipo. Alishtakiwa kwa ajili ya hati hiyo ya pili, akafungwa. Hapa tunajifunza kwamba uso wazi peke yake si dhamana ya ukweli. Lakini tunajifunza pia tofauti iliyopo kati ya shahidi na gunia. Macharia aliweza kurudi kwenye maneno yake kwa kuwa yalikuwapo maneno ya kurudia. Aliyeinamisha kichwa Nairobi mwaka 1954, hata angejuta, angeanza kukanusha wapi?

Mfano wa pili ni Haini ya Shafi Adam Shafi (2003). Riwaya hii imejengwa juu ya matukio yaliyofuata kuuawa kwa Rais Abeid Karume wa Zanzibar tarehe 7 Aprili 1972. Mhusika mkuu, Hamza, yumo kifungoni, na watesaji wake wanataka mambo mawili: akiri, na ataje wengine. Jina la riwaya ni neno ambalo dola inamtupia mfungwa. Katika Thabai neno la aibu hutoka kwa wanyonge likamwangukia mtumishi wa dola. Katika Haini neno la aibu hutoka kwa dola likamwangukia mnyonge. Pande zote mbili zinatumia nomino kukata mazungumzo. Ukishaitwa haini, mateso yako hayahitaji kuelezwa. Ukishaitwa gakunia, mashtaka yako hayahitaji kuthibitishwa.

Shafi anatuonyesha pia chumba ambamo wachongezi hutengenezwa. Mtu anapigwa hadi jina la mwenzake linakuwa bei ya usingizi wa usiku mmoja. Msomaji aliyepita katika kurasa hizo hawezi tena kusema kwa wepesi kwamba mchongezi ni mtu mwenye moyo mbaya. Wengine ni wabaya, wengine wana tamaa, wengine wamevunjwa. Riwaya nzuri hutulazimisha kuwatofautisha. Neno la msimu hutupa ruhusa ya kutowatofautisha.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba neno gakunia ni zaidi ya tusi la kipindi kilichopita. Ni kumbukumbu ya mfumo wa ushahidi usio na uso wala sauti, iliyohifadhiwa katika lugha ya wale walioteswa na mfumo huo. Ukali wake ni haki ya waliolibuni. Upungufu wake ni kwamba linasimama kwenye kitambaa, lisifike kwa aliyekishona.

Upungufu huo ulianza kuzibwa na watu wengine, tena si wahakiki. Mwaka 2009 wazee wa Kenya waliifungulia kesi serikali ya Uingereza mjini London kwa ajili ya mateso ya Hali ya Hatari. Kesi hiyo inajulikana kwa jina la Ndiku Mutua, Mkamba. Ilipokuwa ikiendelea, mwaka 2011, ilidhihirika kwamba serikali hiyo ilikuwa imeficha faili nyingi za makoloni yake huko Hanslope Park. Dola iliyowafunika watu magunia ilikuwa imeyafunika na makaratasi yake. Mwezi Oktoba 2012 mahakama iliamua kwamba madai ya Jane Muthoni Mara, Paulo Muoka Nzili na Wambugu wa Nyingi yangeweza kusikilizwa, ijapokuwa zaidi ya nusu karne ilikuwa imepita; na tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ilitangaza fidia ya pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Wazee hao walisema kwa majina yao na kwa nyuso zao ni nini walichotendewa, wapi, na nani. Hiyo ni sentensi kamili ya aina ile ile tuliyoisikia kwa Mugo, safari hii ikitoka kinywani mwa waliotendewa.

Babu hakumjibu mgeni wake. Alituambia kwamba alitafuta la kusema, akaona kila analoweza kusema lingesemwa pia na mtu aliyekuwa kweli ndani ya gunia. Akamsaidia kulibeba sanduku hadi barabarani. Kwa maisha yake yote yaliyosalia hakujua kama mgeni yule aliliamini neno alilolitamka, au alilitamka kwa sababu ya uchungu na kwa kukosa mtu mwingine wa kumtupia.

Tunapendekeza mambo mawili. La kwanza, wanafunzi wa uzamili wa idara zetu wakusanye msamiati wa Hali ya Hatari katika Kiswahili, Kikuyu, Kikamba, Kiembu na Kimeru kutoka kwa wazee wachache waliobaki, pamoja na masimulizi yanayoambatana na kila neno. Maana neno likikusanywa bila ya masimulizi yake hugeuka tusi tupu. La pili ni la wanaleksikografia. Siku neno hili litakapoingizwa katika kamusi ya Kiswahili cha Kenya, tusiridhike na fasili ya "mchongezi, msaliti". Tunapendekeza isomeke hivi: gakunia, nomino, mtu aliyefunikwa gunia na serikali ya kikoloni ya Uingereza nchini Kenya, hasa mwaka 1954, ili awatambulishe wenzake kwa ishara bila ya kujulikana, kwa kupanua maana, mtu yeyote anayeshukiwa kuwa mchongezi, hata kama hakuwahi kuwa.